Sura ya Nne: Malori, Redio na Nyumba Kumi

Mwishoni mwa Oktoba 1978 wanajeshi wa Idi Amin, mtawala wa Uganda, walivuka mpaka wa Mutukula wakateremka hadi ukingo wa mto Kagera. Waliteka takriban kilomita za mraba 1,800 za mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Ng'ombe wa ranchi ya Missenyi walisombwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, nyumba zikachomwa. Watu wapatao 40,000 walikimbilia kusini mwa mto wakiwa na walichoweza kubeba, na raia waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500. Amin akatangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa, na upande wa pili ukawa kama nchi nyingine.

Vitabu vingi vya vita hivyo huanzia hapo na kwenda moja kwa moja mbele: Mutukula, Masaka, Lukaya, hadi Kampala iliyotekwa Aprili 11, 1979. Sura hii inarudi nyuma, kwa watu waliobaki nyumbani. Ushindi au kushindwa katika Vita vya Kagera kuliamuliwa kwanza katika vituo vya reli, maghala ya mahindi, ofisi za wakuu wa mikoa na vibaraza vya mabalozi wa nyumba kumi.

Hali ya kuanzia ilikuwa mbaya. Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wasiofika 40,000, na macho yake kwa miaka mingi yalikuwa yameelekezwa kusini, kwenye mapambano ya ukombozi wa Msumbiji na Rhodesia. Kagera ililindwa na askari wachache. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya udongo, tena mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Njia iliyobaki ilikuwa reli ya kati: zaidi ya kilomita 1,200 hadi Mwanza, kisha meli kuvuka Ziwa Victoria.

Na reli yenyewe ilikuwa yatima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mwaka mmoja tu kabla, na Shirika la Reli Tanzania likaundwa kutokana na mabaki. Karakana kuu za shirika la zamani zilikuwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977. Kwa hiyo nchi iliyotakiwa kusafirisha jeshi zima hadi pembe yake ya mbali kabisa ilikuwa ikijifunza upya kuendesha treni zake, bila vipuri vya kutosha na bila njia ya kupitia kwa jirani.

Novemba 2, 1978, Rais Julius Nyerere alizungumza na taifa. Watanzania wengi wa rika fulani wanaweza mpaka leo kukariri kiini cha hotuba ile: kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Alizungumza kwa utulivu, kwa Kiswahili ambacho mkulima wa Newala na mvuvi wa Ukerewe walikielewa sawasawa, na hakuahidi kwamba kazi itakuwa nyepesi.

Nguvu ya hotuba hiyo haikuwa katika ufasaha peke yake. Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilikuwa imewazoesha watu kusikiliza pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walikaa chini ya mwembe au darasani, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kwa pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Mwananchi alikuwa amekwisha kuzoea kwamba redio ikisema jambo, baada ya muda mfupi kuna kazi ya mikono inafuata. Vita vilipokuja, utaratibu ulikuwapo. Kilichobadilika ni kipindi.

Kazi hiyo ya mikono iliratibiwa na balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960 na kurithiwa na CCM, chama kilichozaliwa Februari 5, 1977. Balozi hakuwa ofisa. Alikuwa jirani, mara nyingi mtu mzima mwenye heshima, aliyejua nani ana mgeni, nani ana mgonjwa, kijana yupi ana mwili wa kazi na yupi ameoa juzi. Alisuluhisha ugomvi wa mke na mume na wa mpaka wa shamba. Taarifa kutoka Dar es Salaam iliteremka mkoani, wilayani, katani na tawini hadi kwake, kisha yeye akatoka na daftari lake akapiga hodi mlango kwa mlango. Pamoja na hayo, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilikuwa imewakusanya wakulima katika vijiji zaidi ya 7,000. Operesheni ile iliumiza wengi, na sehemu nyingine nyumba zilibomolewa ili watu wahame. Hilo halipaswi kufichwa. Lakini mwaka 1978 mkuu wa wilaya aliyetaka kuonana na watu 2,000 aliwakuta mahali pamoja.

Ndivyo michango ilivyokusanywa. Watu walitoa ng'ombe, mbuzi, kuku, magunia ya mahindi, maharage, ndizi na fedha taslimu. Wengine walitoa kwa moyo, na ni vigumu kuelezea hamasa ya siku zile kwa mtu aliyezaliwa baadaye. Wengine walitoa kwa sababu balozi alikuwa amesimama mlangoni na jirani wa kushoto alikwisha kutoa. Uhamasishaji wa taifa lolote vitani huchanganya mambo hayo mawili, mapenzi na haya, na Tanzania haikuwa tofauti. Hata hivyo kuna kitu kilichoifanya safari hii iwe tofauti na vita viwili vya dunia vilivyotangulia, nacho kinastahili kuangaliwa.

Wazee wa mwaka 1978 walikuwa na kumbukumbu ya vita vya watu wengine. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani na Waingereza waligombana katika ardhi hii na kuwafanya wenyeji kuwa mabega ya kubebea mizigo. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi karibu milioni moja kutoka nchi mbalimbali, na waliokufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu ni zaidi ya 90,000. Majeshi yalichukua nafaka na mifugo, na Ugogo ikaingia katika njaa ya Mtunya ambayo ilisimuliwa kwa vizazi. Katika Vita vya Pili vya Dunia Tanganyika ilitoa askari karibu 87,000. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mkonge wa Tanga na Morogoro ukawa bidhaa ya vita, na serikali ya kikoloni ikawakamata vijana kwa sheria na kuwapeleka mashambani kuukata. Hakuna aliyewauliza. Hakuna aliyewaeleza vita ni vya nini, zaidi ya kuwaambia kwamba mfalme wa mbali anawahitaji.

Mwaka 1978 kwa mara ya kwanza serikali iliyoomba ilikuwa ya kwao, adui alikuwa ameingia katika vijiji vyao, na sababu ilielezwa kwa lugha yao. Hapo ndipo penye siri ya ule mwitikio, kuliko katika gwaride au wimbo wowote.

Nyimbo nazo zilikuwapo kwa wingi. Bendi kubwa za dansi za wakati huo nyingi zilikuwa mali ya taasisi za umma: JUWATA ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Mwenge Jazz ya jeshi, Polisi Jazz. Zilitunga nyimbo za kumlaani nduli, kama Amin alivyoitwa, na kuwasifu askari, RTD ikazirekodi na kuzipiga asubuhi, mchana na jioni. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikawa ibada. Sauti ya mtangazaji Ben Kiko, aliyeripoti vita hivyo, iliingia katika nyumba ambazo zilikuwa hazijawahi kupata gazeti.

Lakini redio haibebi risasi. Hapo akaingia Edward Sokoine, Waziri Mkuu, mtu wa maneno machache aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi na aliyejua jeshi lina nini na halina nini. Alipewa kazi ya kukusanya rasilimali za nchi, akawaagiza wakuu wa mikoa watoe kila kilicho na magurudumu. Malori ya mashirika ya umma, malori ya wafanyabiashara, mabasi ya abiria yalichukuliwa. Dereva aliyezoea kupeleka pamba ginari au saruji Shinyanga alijikuta akielekezwa kaskazini na shehena ya askari na mabomu, na wengine walikwenda pamoja na magari yao kwa sababu hakuna mwanajeshi aliyejua tabia za gari lile. Utaratibu haukuwa safi. Yapo magari yaliyoharibika njiani, yakaachwa, na kwa mwenye basi moja ambalo ndilo lililosomesha watoto wake, hiyo ilikuwa hasara ya maisha.

Barabara za Kagera wakati wa mvua ni utelezi mwekundu unaomeza tairi hadi kwenye ekseli. Malori yalinasa, yakasukumwa, yakanasa tena. Wanavijiji waliitwa kukata miti na kuitandika chini ya magurudumu. Pale Kyaka jeshi lilijenga daraja la muda, na kabla ya Novemba kwisha Watanzania walikuwa ng'ambo ya mto. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliovifuatilia vita hivi kwa karibu na ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1982, wanaandika kwamba askari wa Tanzania 373 walikufa, na kati yao waliouawa katika mapigano ni 96 tu. Ajali zilichukua sehemu kubwa ya waliobaki. Takwimu hiyo inaeleza mengi kuhusu mzigo uliobebwa na madereva, mafundi na magari yaliyochoka.

Jeshi lenyewe lilivimba kwa kasi ya ajabu. Katika muda wa miezi michache lilitoka chini ya 40,000 likazidi 150,000, ukijumlisha mgambo wapatao 40,000, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Mataifa mengi yenye fedha kuliko Tanzania yasingeweza kufanya hivyo, na maelezo yake yako miaka ya nyuma. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, serikali ilivunja jeshi la zamani na kuunda jipya lenye mizizi kwa vijana wa chama na wa JKT. Kisha mwaka 1971, Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda miezi michache tu baada ya Wareno kuivamia Guinea, TANU ilitoa Mwongozo wake ulioagiza wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Tangu hapo jioni katika viwanja vya shule na vya viwanda watu walipangwa mstari, makarani kwa wakulima, wakafunzwa mguu sawa na kulenga shabaha, mara nyingi kwa vijiti badala ya bunduki. Mtu angeweza kuyapuuza mazoezi yale. Mwaka 1978 waliokuwa na vijiti wakapewa silaha, na hawakuanza na sifuri.

Walioondoka waliacha majembe. Msimu wa kulima ulikuwa ndio huo, na kazi ya shamba iliwaangukia wanawake, wazee na watoto, kama ilivyo katika kila vita. Hapa historia rasmi imekuwa na ubahili. Sanamu ni za askari. Hotuba za maadhimisho huwataja akina mama kwa sentensi moja. Aliyepalilia shamba la ekari tatu peke yake huku mumewe yuko Masaka, akatoa na debe la mahindi balozi alipopita, alikuwa sehemu ya jeshi lile kwa maana kamili ya neno.

Bahati moja kubwa ilikuwa chakula. Mavuno ya misimu iliyotangulia yalikuwa mazuri, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilikuwa na akiba kubwa ya mahindi maghalani. Jeshi la watu 150,000 linaweza kungoja viatu, haliwezi kungoja ugali. Kama Amin angevamia miaka miwili baadaye, wakati maghala yalipokuwa matupu na nchi ikiagiza nafaka nje, simulizi ingekuwa nyingine.

Vita viliifikia miji pia. Ndege za Uganda ziliishambulia Bukoba mwezi Oktoba. Madhara yalikuwa madogo, lakini hofu ilitawanya wakazi wengi. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilirusha makombora kuelekea Mwanza, mji ambao shehena nyingi za vita zilipitia. Makombora yaliukosa mji na kuangukia kisiwa cha Saanane, chenye hifadhi ya wanyama. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa na swala kadhaa wakafa. Yangeipata bandari, mtiririko wa chakula, mafuta na risasi kuelekea Bukoba ungekatika.

Kuhusu habari, serikali haikuwa wazi kwa wananchi wake kama ilivyokuwa siku ya hotuba. Jeshi lilipovuka mpaka mwaka 1979, kwa muda mrefu kauli rasmi ilikuwa kwamba wanaopigana ndani ya Uganda ni Waganda wenyewe. Ilikuwa na sababu ya kidiplomasia, kwa vile Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuvuka mipaka. Lakini mama mwenye mwana mbele hakuwa mwanadiplomasia. Alistahili kujua mwanawe yuko nchi gani.

Kisha ikaja hesabu. Gharama ya vita inayotajwa mara nyingi ni dola za Marekani milioni 500, na nchi ilianza kuilipa wakati mbaya kuliko wote. Bei ya kahawa, iliyokuwa imepanda sana mwaka 1977, ilishuka. Mapinduzi ya Iran yalipandisha bei ya mafuta mwaka huohuo wa 1979. Vifaa vya Jumuiya iliyokufa vilihitaji mbadala. Malori yaliyorudi yakiwa mabovu hayakubeba pamba wala korosho, na mazao yasiyofika bandarini hayaleti fedha za kigeni za kununulia vipuri vya malori. Majeshi ya Tanzania yaliendelea kubaki Uganda hadi mwaka 1981, na kuwalisha kulikuwa juu ya Mtanzania.

Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Walifunga. Miezi 18 ikapita, hali ikawa ngumu zaidi. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, khanga, dawa ya meno na betri za redio vilitoweka madukani. Foleni za duka la ushirika zilianza alfajiri, watu wakipanga mawe na vikapu kushika nafasi. Ukame ulipoingia, Wamarekani walileta mahindi ya njano, na watu wa mjini wakauita unga wake yanga. Mwaka 1983 Sokoine, aliyekuwa amekusanya malori kwa ajili ya vita, aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Aprili 12, 1984 akafa katika ajali ya gari. Mwaka 1986 nchi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, yale masharti ambayo Nyerere aliyakataa kwa miaka mingi.

Si haki kuvibebesha vita lawama yote ya miaka ile. Sera za kilimo zilikuwa na makosa yake, mashirika ya umma yalikuwa na uzembe wake, na dunia haikuwa na huruma. Kosa la serikali lilikuwa jingine. Ilijua kuomba; haikujua kurudi kwa wananchi wale wale, kwa redio ile ile na kwa lugha nyepesi ile ile, kueleza kilichotumika, kilichobaki na nani amedhulumiwa basi lake. Taifa lililoaminiwa kiasi cha kupewa ng'ombe na vijana lilipaswa kutoa hesabu. Badala yake watu waliachwa kwenye foleni wajieleze wenyewe, na imani iliyokusanywa kwa miaka 15 ikapungua kimya kimya.

Kaboya, katika wilaya ya Muleba, yapo makaburi ya mashujaa waliokufa vitani, na viongozi huenda kuweka mashada. Ni heshima wanayostahili. Lakini hakuna orodha ya kitaifa inayojulikana ya magari yaliyochukuliwa, wala ya vijiji vilivyotoa mifugo, wala ya mabalozi waliozunguka na madaftari. Waliokuwa na miaka 25 mwaka 1978 sasa wamepita 70. Vyuo vikuu vyetu vina idara za historia na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Waende Missenyi, waende Mwanza, waende Tabora kwa wafanyakazi wastaafu wa reli, wakae na wazee hao na kinasa sauti. Na msomaji mwenye babu, bibi au shangazi wa umri huo asingoje chuo: amuulize wiki hii alikuwa wapi mwaka 1978, alitoa nini, na alirudishiwa nini, kisha aandike majibu yake.